Maman Godelive hakutuambia

Jumatatu, saa moja ya jioni. Mvua ilinyesha asubuhi nzima hapa Ibanda, ikakatika mchana, sasa imerudi juu ya mabati. Umeme upo. Mtandao upo. Mimi ndiye nisiyejua kama nipo.

Dada yangu ameniuliza mara mbili nimepatwa na nini. Sijamjibu. Nikianza kumwambia nitalia, na leo naona sina haki ya kulia. Afadhali niandike kwanza.

Majina nimeyabadilisha. Mwenye habari hii ameniruhusu. Aliniambia: "Andika, lakini andika vile ilikuwa."

Sisi ni watu wanne. Tunatengeneza masomo ya redio kwa watoto wa shule ya msingi. Aline anaandika masomo, Serge anarekodi sauti, mimi napanga kazi na kutuma ripoti. Wa nne ni maman Godelive, karani wetu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye funguo zote na mwenye kujua tarehe za kuzaliwa za watoto wa kila mtu. Direkteri wetu yuko Kinshasa.

Tangu mji ulipoingia mikononi mwa wapiganaji wengine, biro yetu ya kazi imefungwa. Siku za kwanza watu waliingia wakabeba kompyuta, viti, hata pazia la choo. Tukaanza kufanya kazi kila mtu nyumbani kwake. Serge anarekodi akiwa amejifunika blanketi mbili ili kelele za jirani zisiingie. Aline ana mimba ya miezi saba. Anaandika kwa kalamu, anapiga picha, ananitumia mtandao ukirudi. Direkteri tunamwona kwenye simu, uso wake ukikwama mdomo wazi.

Ni yeye aliyetutumia ile fomu ya hali. Kila Ijumaa kila mmoja anachagua rangi: kijani kama yuko vizuri, njano kama anachoka, nyekundu kama anahitaji msaada. Mimi nakusanya rangi na kuongeza mstari mmoja juu ya moyo wa timu. Wazo si baya. Kazi hiyo nilikuwa naifanya kwa dakika tatu.

Maman Godelive alikuwa na fomu yake mwenyewe.

Ilikuwa siku ya tatu tu tangu biro ifungwe, saa kumi alasiri, simu yangu ikalia. Hakuna mtu aliyemtuma. "Njo mimi, Godelive. Muko bazima? Umekula nini?" Ukimwambia umekula, hakubali. Anataka jina la chakula. Ukisema chai, anakukaripia. Kisha anakuuliza usingizi, anakuuliza dada, anakuchekesha kidogo, anakata. Tangu siku hiyo hakukosa siku yoyote ambayo simu zinafanya kazi: kwanza Aline, halafu Serge, halafu mimi. Mtandao ukianguka anapiga simu ya kawaida. Serge alisema bila ile simu ya saa kumi asingejua Jumatano na Jumapili zina tofauti gani.

Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye orodha yake, na ndimi niliyekuwa namchosha kuliko wote.

Leo nilihitaji muhuri. Redio ya parokia inayotangaza masomo yetu inataka barua yenye muhuri, na muhuri anao maman Godelive; siku tuliyokimbia biro ni yeye peke yake aliyefikiria kuuweka kwenye mkoba. Nilimwandikia asubuhi kwamba nitapita kuuchukua. Akajibu haraka: "Usikuye. Nitakutumia na mutu."

Nikafikiri anaona haya juu ya nyumba yake. Ndivyo nilivyofikiri, siwezi kujificha hapa. Yeye anakaa Cimpunda, juu mlimani, mimi niko karibu na ziwa, na kwa miaka sita ya kufanya kazi chumba kimoja sikuwahi kufika kwake. Yeye kwetu amekuja kwenye ubatizo, kwenye ndoa ya dada, kwenye matanga ya baba. Nikasema leo kumetulia, nitamshtukiza. Nikanunua kilo mbili za sukari, nikapanda pikipiki.

Pikipiki iliniacha chini. Kule njia zinapanda wima katikati ya nyumba, na baada ya mvua kila hatua unateleza. Nilimkuta mwanamke anauza makaa kwenye makopo, amekaa chini ya sheeting ya plastiki. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa maman Godelive ni wapi.

"Godelive ya kilio?"

"Hapana. Yule anafanya kazi Ibanda, ku biro ya masomo ya redio."

"Ni ule ule. Mujane ya mwalimu Melchior. Panda hapa, utaona ma bancs inje."

Nilimwambia anakosea. Nilibishana na yule mama, nikiwa nimesimama kwenye matope na sukari yangu mkononi. Nilimwambia nimezungumza na maman Godelive jana saa kumi na alikuwa anacheka.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Uliongea na yeye jana, na hukujua?"

Sikumbuki vizuri jinsi nilivyopanda.

Mabenchi yalikuwa mawili tu, mengine nadhani yamesharudishwa kwa wenyewe. Ndani, wanawake watatu wa kanisa walikuwa wanachambua sombe, majani ya muhogo, kimya kimya. Kwenye meza ndogo palikuwa na picha ya papa Melchior katika koti lake la kijivu, na maua ya plastiki. Maman Godelive alikuwa amekaa kwenye godoro chini, amejifunga pagne nyeusi, kichwa amefunga kitambaa cheusi. Amekonda. Nilipokuwa nasikia sauti yake kila siku, akilini nilimwona vile vile mnene, kama alivyokuwa biro.

"Yesu wangu," alisema. "Nilikuambia usikuye."

Papa Melchior nilimfahamu. Sisi sote tulimfahamu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu, na kila jioni alikuja kumchukua mke wake kazini. Alikaa kwenye kiti cha mlinzi akisoma karatasi yoyote aliyoiokota, na siku moja aliokota somo letu la hesabu, akakuta kosa ambalo sisi wote na digrii zetu hatukuliona. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Tulijua pia hilo, maana mke wake alikuwa anaweka insulini yake kwenye friji ya biro, pembeni ya maziwa yetu.

Uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa. Barabara zimekatika. Dawa zikapungua mjini, halafu insulini ikakosekana. Maman Godelive alizunguka maduka ya dawa kwa mguu, mtaa kwa mtaa. Akaanza kumpa nusu ya kipimo, halafu robo. Mume wake alikufa Jumanne usiku. Walimzika Alhamisi. Leo ni siku kumi na moja tangu mazishi.

Aliponiambia hayo nilimkumbuka binamu yangu: anavuka mpaka wa Ruzizi kila juma kwenda kununua bidhaa ng'ambo, na kule insulini ipo. Aliwahi kumletea shangazi yangu. Ilikuwa kazi ya simu moja.

Nilimwambia hivyo, sikuweza kujizuia. "Maman, binamu yangu angeleta."

"Minajua."

"Ulijua?"

"Uliwahi kutuambia ku biro, wakati shangazi yako alikuwa mugonjwa. Njo maana nilitaka kukuuliza. Juma moja mbele ya Melchior kufa, ile Jumatatu. Nilikupigia, nikasema iko kitu nataka kukuomba. Lakini ulikuwa umekasirika sana juu ya direkteri. Nikaona, muache apoe kwanza. Kesho yake réseau, hata ya simu, ilikatika siku mbili. Kisha nikaona haya."

Ninakumbuka Jumatatu ile. Direkteri alikuwa amenisahihisha ripoti mbele ya wote, koma na nukta. Ninakumbuka nilivyozungumza. Sikumbuki yeye kusema kitu chochote.

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Aliponiona nimeshika kichwa, aliongeza: "Sikuambii hivi juu uteseke. Umeuliza, nimejibu."

Kuna jambo jingine, na hili ndilo nililorudi nalo njia nzima.

Jumatano ile, siku moja baada ya kifo, alinipigia saa kumi kama kawaida. Siku hiyo mimi nililia. Nililia juu ya usingizi, juu ya kufungiwa nyumbani, juu ya milio ya risasi, juu ya kila kitu, dakika arobaini. Na yeye aliniambia: "Lia, mwanangu. Lia tu, niko hapa." Nyuma yake nilisikia wanawake wanaimba kwa sauti nyingi, taratibu. Nilipomaliza kulia, nikapangusa pua, nikamwambia, ili kumchekesha:

"Maman, leo kwenu wanaimba vizuri."

Akajibu: "Ndiyo. Banaimba muzuri."

Papa Melchior alikuwa amelala pale sebuleni, hatua kumi kutoka alipokuwa amesimama na simu.

Ijumaa akanitumia rangi yake. Kijani. Nikaandika kwenye ripoti: wote kijani, moyo wa timu ni mzuri.

Nilimuuliza leo kwa nini. Nilimuuliza vibaya, kwa sauti ya juu, hata wale wanawake wa sombe wakainua vichwa. Kwa nini hakutuambia, sisi si watu wake?

"Ningewaambia, mungekuya bote," alisema. "Ile juma walipiga masasi hapa chini siku mbili. Aline iko na mimba. Serge anavuka muji muzima. Mutu mumoja kati yenu angekufa njiani juu ya kilio ya Melchior? Melchior alishakufa. Nyinyi muko wazima. Nilichagua wazima."

"Lakini ulikuwa unatupigia simu kila siku! Katikati ya matanga!"

Alikunja pembe ya pagne, akaikunjua.

"Sasa hiyo haikuwa juu yenu. Hiyo ilikuwa juu yangu. Hapa, tangu asubuhi mpaka jioni, niko mujane. Kila mutu anaingia, ananiangalia, analia. Ikifika saa kumi, naenda nyuma ya nyumba, ku jikoni. Hawa bamama bote walifikiri naenda kulia. Kumbe naenda kupumuzika. Nikiwa na nyinyi niko Godelive wa biro. Ninauliza mumekula nini, munanidanganya, ninawakaripia. Ile dakika makumi tatu, Melchior alikuwa anakuya kunichukua jioni kama siku zote."

Mmoja wa wale wanawake aliinuka akatoka nje.

Nilimuomba msamaha. Sijui mara ngapi. Akaniacha niseme, kisha akasema kitu ambacho nakiandika kama alivyokisema, kwa sababu aliniagiza niandike vile ilikuwa.

"Nsimire, unaniulizaka kila siku, 'Maman, uko muzuri?' Lakini unaniuliza na unaanza kuongea mbele ya mimi kujibu. Ile Jumatano, kama ungeniuliza mara ya pili, ningekuambia. Nilikuwa nangojea. Hukuuliza."

Hukuuliza.

Sijapigwa kofi tangu utoto, lakini nimekumbuka leo lilivyo.

Ilipofika saa kumi nilimwona anatafuta simu yake chini ya mto. Nikamwambia aache, leo nitawapigia mimi, yeye apumzike. Alinikata mara moja: "Usininyang'anye hii." Nikamuomba basi nikae naye. Akafikiri, akaitika kwa kichwa.

Tulikwenda nyuma ya nyumba, mahali pa kupikia, chini ya bati moja lenye tundu. Akampigia Aline. Na mimi, ambaye siku zote nilikuwa upande wa pili wa sauti ile, leo nikaiona inatoka wapi. "Aline! Uko muzima? Mutoto anacheza? Umekula nini? Chai ni chakula, Aline?" Sauti ilikuwa ile ile, nzito, yenye kicheko ndani. Uso haukucheka hata kidogo. Macho yalikuwa yamefungwa, na mkono mmoja ulishika nguzo ya jiko kwa nguvu hadi vidole vikabadilika rangi. Alicheka mara mbili. Niliona jinsi kicheko kinavyotolewa, kama mtu anavyoinua ndoo.

Lakini nisiseme uongo. Katikati ya simu ya pili, na Serge, vidole vililegea. Serge alimwambia upuuzi fulani kuhusu jogoo wa jirani aliyeingia kwenye somo la sayansi, na kwa muda mfupi sana uso na sauti vikawa kitu kimoja. Nikamwelewa.

Alipokata, alinigeukia. "Wewe, niko na wewe hapa. Umekula nini?"

Nilikuwa sijala kitu tangu asubuhi. Nikasema ukweli. Akaita, wakaleta bugali na sombe na sambaza chache, dagaa wa ziwani, akakaa akiniangalia mpaka nikamaliza. Mimi nimekwenda kumfariji mjane, na mjane amenilisha.

Kabla sijaondoka nilimuuliza kama ninaweza kuwaambia wengine. Alisema ndiyo, lakini wasije kwa kundi, waje mmoja mmoja, mchana, na Aline asipande ile njia. Atashuka yeye mwenyewe siku akitoka ndani, matanga yakiisha. Akanipa muhuri umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Sukari aliipeleka kwa wale wanawake. Mlangoni nilimuuliza: "Maman, uko muzuri?"

"Niko muzuri."

Nikabaki nimesimama. Nikauliza tena.

Akaangalia picha ya mume wake. "Usiku njo iko mubaya," alisema. "Naamka saa ya kumupima sukari. Naamka, nawasha taa, nakaa." Mvua ilikuwa imeanza upya. Kisha akaniambia nitelemke kabla njia haijaharibika kabisa.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja na nusu. Nimempigia Aline kwanza, nikamwambia polepole, akiwa amekaa na mume wake pembeni. Alilia bila sauti. Kisha akasema: "Lakini amenikaripia leo juu ya chai." Alisema hivyo mara tatu.

Tumepanga. Serge atapanda kesho, mimi keshokutwa, kisha Serge tena. Saa kumi ni ya maman Godelive, hatutaigusa. Lakini saa mbili asubuhi, baada ya ule usiku wake, mmoja wetu atampigia yeye. Na Ijumaa sitatuma rangi kwa direkteri. Nitamwandikia kwamba tumefiwa, na kwamba nilimdanganya bila kujua, na kutojua kwangu hakunisafishi.

Je, angekuwa hai papa Melchior? Nimejiuliza tangu Cimpunda hadi hapa. Labda. Labda binamu angezuiwa mpakani. Labda ingechelewa. Nimetafuta "labda" inayoniruhusu kulala, sijaipata, na nafikiri sistahili kuitafuta haraka.

Baada ya Aline nilimpigia Serge. Serge ni mtu wa vichekesho. Ndiye anayetutumia picha za mbuzi waliovaa miwani mabomu yakilia. Kila Ijumaa kijani. Nilimwambia habari yote, akasema kesho saa nne atakuwa kule. Nikamuuliza:

"Na wewe, Serge, uko namna gani?"

"Mimi? Niko bien. Unanijua."

Siku nyingine yoyote hapo ndipo ninaposema haya basi, tutasikilizana kesho. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikakiondoa.

"Serge. Uko namna gani?"

Nilisikia anasimama. Nilisikia anapita mahali penye watoto, halafu mlango unafungwa, halafu hakuna kelele tena ya nyumba, yeye tu anapumua.

"Uko na unités za kutosha kwenye simu?" aliniuliza. Sauti haikuwa ya Serge ninayemjua.

"Niko nazo."

"Basi kaa chini."

Nikakaa.